Siku Niliyopokea Rambirambi za Baba

Baba yangu ni fundi wa kuezeka makuti. Hoteli na nyumba nyingi za wageni huko Diani zina mkono wake juu, na alipokuwa na afya zake alikuwa akipanda boriti kwa boriti bila ngazi, kamba kaishika kwa meno. Nilipokuwa kidato cha tatu alianguka. Nyonga ikavunjika, akalazwa hospitali ya Msambweni kwa muda wa miezi mitatu.

Sisi kwetu ni Kibuyuni, lakini mimi nilikuwa nikisoma Msambweni na kukaa kwa shangazi yangu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikipita kwa baba kila alasiri nikitoka shule, wakati mama yuko pwani na mwani wake. Nilimwona baba akifundishwa kutembea upya. Aliyemfundisha alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, aliyevaa raba nyeupe. Alikuwa akimwambia baba, "Mzee, mguu huo si wa kuazima, ukanyage." Baba alikuwa akimwogopa kuliko maumivu. Siku alipotoka kitandani na kufika mlangoni peke yake, nilijua kazi ninayoitaka. Nilitaka kusomea tiba ya viungo, nikawafundishe watu kutembea.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, yalikuwa mazuri kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo alipoingia Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa bara aliyetufundisha Kiingereza mpaka alipostaafu, akabaki Ukunda kwa sababu, alisema, mifupa yake imeshalizoea joto. Alijulikana kwa jambo moja: alikuwa amekwisha kuwapeleka wanafunzi kusoma ng'ambo. Mmoja wao tulikuwa naye shule moja, mwaka mmoja mbele yangu. Mwalimu hakutaka chochote kwetu. Alinipigia simu mwenyewe, akaniambia nije na cheti changu na daftari.

Tulianza na fomu ya chuo kimoja cha ng'ambo. Sikujua kwamba maisha ya mtu yanaweza kuulizwa maswali mengi hivyo. Baba amesoma hadi wapi, mama amesoma hadi wapi, nyumbani mnazungumza lugha gani, saa zako za ziada unafanya nini. Nilijibu yote kwa uaminifu, mpaka nikaandika kwamba saa za ziada ninafunga mwani kwenye kamba, na Mwalimu akacheka, akasema hiyo iache, wataipenda. Kisha ikaja insha. Chuo kilitaka mwombaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe jambo lililomfanya awe alivyo.

Niliandika kurasa nne kwa kalamu. Niliandika juu ya baba na yule mama wa raba nyeupe. Mwalimu alizisoma akiwa amesimama dirishani, akazikunja.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini imelala. Niachie, nitaiamsha."

Siku ya mwisho ya kutuma maombi tulikuwa kwenye saiba, duka la intaneti, hapo Ukunda, na mtandao ulikuwa mzito. Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Mwalimu alikuwa amekwisha kuichapa insha na kuiweka mahali pake. Aliniambia niipitie haraka kabla mtandao haujakatika. Nilisoma aya ya kwanza. Ilikuwa na harufu ya makuti mabichi, ilikuwa na mikono ya baba, ilikuwa na Kiingereza ambacho mimi nisingeweza kukiandika hata kwa miaka kumi. Niliona haya kwa zile kurasa zangu nne. Mwisho wa aya hiyo kulikuwa na sentensi fupi: paa lile lilimchukua baba yangu. Nikaisoma, nikafikiri, kumbe hivi ndivyo Kiingereza kizuri kinavyosema. Si ni kweli lilimchukua? Miezi mitatu hatukuwa naye nyumbani.

Sikuushusha ukurasa nisome zaidi. Nilibonyeza pale pa kutuma, na Mwalimu akanipigia makofi.

Baada ya wiki kadhaa nililetewa baruapepe kwamba chuo kinataka kunihoji kwa video. Kwetu Kibuyuni mtandao hauaminiki, basi mwalimu mkuu wa shule yangu akanipa ruhusa ya kutumia chumba cha kompyuta siku ya Jumamosi, baada ya alasiri, kwa kuwa kule kwao ndiyo asubuhi. Baba alisema atakuja. Nikamwambia si lazima, ni mazungumzo tu. Akasema hajapata kuhudhuria hata mkutano mmoja wa wazazi kwa sababu ya kazi za hoteli, na huu hataukosa.

Alivaa kanzu yake ya Idi na kofia ya vitobo. Alikuwa akitembea kwa mkongojo mmoja, na aliona haya kuonekana nao, kwa hiyo nikamwekea kiti upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta. Wao wasingemwona. Mimi nilikuwa nikimwona juu ya kioo, ameketi wima, tasbihi mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

Walikuwa wawili kwenye kioo: mwanamke mtu mzima mwenye nywele za kijivu, na kijana aliyekuwa akiandika. Tulisalimiana. Waliniuliza hali ya hewa, nikawaambia ni joto, wakacheka, wakasema kwao ni barafu. Kisha yule mwanamke akavua miwani. Alisema ameisoma insha yangu mara mbili, na kabla ya kuuliza lolote angependa kunipa pole kwa kifo cha baba yangu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilidhani ni mtandao. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa, na yule kijana naye ameacha kuandika na kuinamisha chake, na wote wawili walikuwa wamenyamaza kwa heshima, wakinisubiri.

Nikamtazama baba. Kiingereza cha baba ni cha hotelini. Anayajua majina ya mbao na misumari, salamu, kesho, ghali, pole. Na neno la kufa analijua, kwa kuwa mgeni mmoja aliwahi kufia kwenye banda alilokuwa akiliezeka. Vidole vyake vilikuwa vinasukuma tasbihi, vikasimama. Macho yake yalikuwa kwangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja kusikia nitakalosema.

Nikasema, "Asante."

Mpaka leo sijui lilitoka wapi. Mdomo ulijibu peke yake, kwa adabu, kama nilivyofundishwa kumjibu mkubwa. Yule mwanamke akaniuliza ni kitu gani ninachokikumbuka zaidi kuhusu baba. Nami nikajibu. Nilisema alikuwa anajua makuti mazuri kwa kuyasikiliza, kwamba alikuwa akiyatikisa karibu na sikio na kuyakataa yaliyokauka kupita kiasi. Nilisema alikuwa. Kila sentensi nilisema alikuwa, na mwenyewe ameketi mbele yangu anapumua. Akaniuliza nani anaitunza familia sasa. Nikasema mama.

Mazungumzo yalichukua nusu saa. Walipoaga na kioo kikawa cheusi, chumba kilibaki na mlio wa feni tu.

Baba aliniuliza, "Wamesema nimekufa?"

"Ndiyo, baba."

"Nani kawaambia?"

Nilitaka kusema ni Mwalimu. Lakini jina lililokuwa juu ya insha ile lilikuwa langu. "Mimi," nikasema.

Akaniambia nimsomee. Nikaifungua ile insha, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaisoma mpaka mwisho, nikimgeuzia kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Alianguka kutoka paa la hoteli kubwa. Alifia mikononi mwangu, kwenye mchanga, wageni wakipiga picha. Tulimzika siku ya pili yake, na mama akavunja bangili zake juu ya kaburi. Hapo baba alinikatiza kidogo, akasema kwetu hakuna mila hiyo, na maiti hangojwi mpaka siku ya pili. Nikaendelea. Mama hakusema neno kwa mwaka mzima, na mimi nikaapa mbele ya kaburi kwamba nitakuwa tabibu.

Nilipomaliza, aliuangalia mkongojo wake.

"Hakuna mahali umesema nilisaliwa?" aliuliza.

Nikarudi juu, nikaitafuta. "Hakuna, baba."

"Mmenizika bila kunisalia," alisema. Akauchukua mkongojo wake, tukaondoka.

Mama tulimkuta anaanika mwani. Baba ndiye aliyemweleza. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayetoa habari ya jirani. Mama aliacha mwani chini, akasema astaghfirullahi, akanitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama nayo, kana kwamba anahakikisha ni mimi. Kwetu kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa ni uchuro. Jioni hiyo hiyo aliwaita wanawake wa jirani, akapika, akaomba isomwe dua ya kumwombea baba umri. Walipouliza kuna nini, alisema ameota ndoto mbaya. Mimi niligawa wali nikiwa siwezi kumtazama mtu usoni.

Kesho yake nilikwenda Ukunda. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima, lakini nilipofika nilitoa shikamoo kwanza, na Mwalimu akaitikia marahaba kwa furaha, akidhani nimeleta habari njema. Nikamweleza. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Alinivutia kiti, akanimiminia chai.

"Ulitaka niandike kwamba alivunjika nyonga akapona?" aliniuliza. "Nani atamlilia mtu aliyepona?"

Alinieleza kwa upole kwamba huko wanasoma insha maelfu, na kila moja ina mtoto mwenye bidii na mzazi maskini. Wanachokumbuka ni kaburi. Alisema nitakwenda, nitasoma, nitarudi na kumtibu baba huyo huyo, na hapo nije nimwambie yeye Mwalimu ni nani aliyeumia. Nilikunywa chai yake, nikarudi nyumbani.

Barua ya kukubaliwa ilifika baada ya mwezi. Nilikubaliwa, na chuo kingebeba kila kitu: masomo, malazi, chakula, hata tikiti ya ndege. Nilipiga ukelele bila kujijua, na mama akaja mbio kutoka jikoni na mkono wenye unga. Kisha nikasoma aya ya mwisho. Ufadhili huo ulitoka kwenye mfuko wa wanafunzi waliofiwa na mzazi aliyekuwa akiwatunza, na ili kuukamilisha, chuo kiliomba nakala ya cheti cha kifo cha baba.

Mwalimu alikuwa na jawabu la hilo pia. Alisema anamfahamu mtu anayeweza kusaidia cheti kipatikane, tena kwa asubuhi moja tu. Akanitumia fomu kwenye simu, nami nikaichapisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimezoea kufanya kila alichoniambia. Niliileta nyumbani nikaiweka juu ya meza. Jina la marehemu. Umri wa marehemu. Sababu ya kifo. Mistari mitupu, inangoja.

Baba aliichukua, akaisogeza mbali na macho ili asome vizuri. Akaisoma yote. Nilidhani ataichana. Badala yake alitia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake, akakiweka kando ya ile fomu ili nipate kunakili namba.

"Andika," alisema. "Ikiwa kufa kwangu ndiko kunakokupeleka, mimi niko tayari. Nitakaa humu humu ndani. Kule nani atajua?"

Nimeyaona mengi tangu siku hiyo, lakini sijaona kitu kilichonipiga kama kile kitambulisho juu ya meza, na picha ya baba ndani yake, kijana, mwenye nywele. Alikuwa amesema kweli. Hakuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa ananipa alichonacho, kama vile alivyokuwa akinipa nauli. 

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja polepole, akakiokota kitambulisho, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Na eda nitakaa mimi?" alimwuliza baba.

Mama akarudi jikoni. Hakuna aliyenikataza wala aliyeniamrisha, na fomu ilibaki pale juu ya meza, na mimi nikiitazama.

Asubuhi niliandika barua kwa chuo. Niliiandika kwa simu, nimeketi karibu na kamba za mama, maji yametoka. Kiingereza changu kilikuwa kigumu na kifupi. Niliwaambia baba yangu yu hai. Niliwaambia insha ile iliandikwa upya na mtu mwingine, lakini mimi ndiye niliyeituma bila kuisoma yote, na kwamba siku waliponipa pole nilikuwa nimekwisha kujua si kweli, na bado nikasema asante. Niliisoma mara tatu, mpaka mwisho, kisha nikaituma.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Nafasi yangu ilikuwa imefutwa, na ufadhili pia. Barua ilikuwa ya upole na haikuacha mlango wazi. Chini kabisa yule mwanamke mwenye nywele za kijivu alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe, kwamba amefurahi sana kusikia baba yangu yu hai. Nilimsomea baba mstari huo. Akatikisa kichwa, akasema huyo mama ana adabu.

Nilijua watafuta. Hata hivyo, nilipofungua ule ukurasa wangu wa maombi na kukuta jina langu limeondolewa, na mahali pake pana sentensi moja tu, nilikaa siku nzima siwezi kula. Na Kibuyuni habari ya safari yangu ilikuwa imekwisha kuenea. Watu walipita kuniuliza ninaondoka lini. Niliwaambia mambo yamekwama. Wakaniambia inshallah yatakwamuka.

Haikuisha hapo. Wiki chache baadaye nilimsindikiza baba kliniki Msambweni, na nje ya msikiti tukakutana na baba wa yule mwenzangu aliyetangulia, aliyepelekwa na Mwalimu mwaka mmoja kabla yangu. Ni muuza nazi, mtu mcheshi. Alisalimiana na baba kwa kukumbatiana, kisha akanisifia binti yake: anafaulu, amepata marafiki, amenenepa. Kulikuwa na jambo dogo tu linalomchekesha. Binti amemwomba kwamba yeye mzee anapomwandikia kwenye ukurasa wake wa picha wa mtandaoni, ambao wenzake wa chuo wanauona, asijiandike kuwa ni baba. Ajiandike kuwa ni ami yake.

"Sijui ndiyo mtindo wa siku hizi," alisema, akacheka.

Baba alinitazama, nami nikamtazama. Nilijua kwamba kule, katika jalada fulani, mtu huyu aliyesimama juani na kikapu chake cha nazi alikuwa na kaburi. Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi, akamwuliza habari za nazi msimu huu, na wakazungumza nazi mpaka tukaagana. Njiani aliniambia maneno ya mtu na mwanawe si yetu kuyafungua. Sijui hata leo kama alikuwa sahihi. Mwalimu sikurudi kwake tena. Aliwahi kunipigia simu mara moja, akasema hanikasirikii, amesikitika tu kwa ajili yangu. Nadhani alisema kweli.

Mwaka uliofuata niliomba tena, vyuo vitatu. Insha niliiandika mwenyewe, juu ya nyonga iliyovunjika na yule mama wa raba nyeupe. Kabla ya kuituma nilimsomea baba yote kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema kuna kitu kimoja tu. Nilikuwa nimeandika alikoanguka: lile banda la kuni nyuma ya jikoni ya hoteli, paa ambalo mtu akinyoosha mkono analigusa.

"Hilo paa," alisema, "huwezi kuliinua kidogo?"

Nikamwambia hapana. Alinuna mpaka magharibi.

Vyuo viwili vilinikataa kwa mistari mitatu mitatu. Cha tatu kilikuwa kidogo, katika mji ambao sikuwahi kuusikia, na hicho kilinikubali, kikabeba na gharama. Mama alinishonea magauni manne mazito ambayo hayakufaa kwa baridi ile, nami nikayavaa yote, moja juu ya jingine, wiki ya kwanza nzima.